Mumbai hadi Sunauli: siku 26 za mwanzo, kwa treni na mkoba mmoja

Haya yametolewa kwenye daftari, picha za simu na bahasha iliyojaa tiketi. Safari nzima ya Asia ilichukua miezi mitano. Hapa nimeweka kipande cha kwanza tu, magharibi mwa India hadi mpaka wa Nepal, Januari na Februari 2026, kwa sababu ndicho kinachomchanganya Mswahili kuliko vyote vilivyofuata. Kinachanganya kwa kuwa kinafanana na kwetu. Kwa Kihindi, lakini ni "lekin", tayari ni "taiyar", habari ni "khabar", duka ni "dukan", na dalali ni "dalal" yule yule. Masikio yanastarehe, na hapo ndipo mtu anapoacha kusoma kilichoandikwa.

Rupia 1 ilikuwa kama shilingi 1.5 ya Kenya, au kati ya 27 na 30 za Tanzania.

Kabla ya kupanda ndege

Viza ya utalii ya mtandaoni ya siku 30 huhesabiwa tangu siku unayoingia, na inaruhusu kuingia mara mbili. Tovuti ya serikali inaishia na gov.in, zinazofanana nayo ni za mawakala wanaoongeza chao juu. Unaingilia sehemu zilizotajwa kwenye orodha yao tu, lakini kutoka unaweza kutokea kituo chochote rasmi cha uhamiaji, hata cha barabarani. Ndiyo maana njia hii inaanzia angani na kuishia kwa miguu. Usiipange kinyume bila kuisoma orodha hiyo.

Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, iwe mkononi, isiwe ndani ya begi lililopakiwa chini ya ndege. Anayetoka Kenya, Uganda, Burundi au Kongo asipokuwa nayo anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na chanjo huhesabika baada ya siku 10. Mtanzania anayeunganisha ndege Nairobi naye aibebe.

Chukua adapta. Plagi yetu ya miguu mitatu bapa haiingii. Kule miguu ni ya duara.

Siku ya 1–3, 8–10 Januari: Mumbai

Uwanja wa ndege, dirisha la afya liko kabla ya dirisha la pasipoti. Wengi walipanga foleni ndefu ya pasipoti, wakarudishwa nyuma kugongewa kadi.

Jambo la kwanza mjini ni laini ya simu. Wanataka pasipoti, nakala ya viza na picha ndogo, kisha laini hukaa saa kadhaa, wakati mwingine siku nzima, ndipo ifunguke. Bila namba ya India hupati namba ya siri ya mara moja, na bila hiyo namba hata intaneti ya bure ya stesheni haifunguki. Muuza laini wa mtaa wa Colaba alitoa simu yake mwenyewe itumike kumpigia mwenye nyumba ya wageni, kisha akakataa rupia 20 alizopewa.

Pesa: wenyeji hulipa kila kitu kwa kuskani msimbo, hata karanga za rupia 10. Mfumo wao kwa kawaida hutegemea akaunti ya benki ya India, kwa hiyo wageni wengi hutembea na noti. Mashine nyingi hazitoi zaidi ya rupia 10,000 kwa mara moja, na hutoa za 500. Zivunje kwenye maduka makubwa, kwa sababu dereva wa teksi hana chenji asubuhi. Noti yenye mchaniko irudishe papo hapo, maana anayefuata hataipokea.

Kusini mwa Mumbai bajaji haziruhusiwi. Kuna teksi nyeusi na njano zenye mita. Jina letu la bajaji limetoka kwenye kampuni ya huko huko, Bajaj, ila ukilitamka barabarani hawakuelewi. Wao husema "auto".

Treni za mjini ni za kupanda kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Nje ya hapo mkoba wa lita 45 ni ugomvi. Wanawake wana mabehewa yao, yamechorwa alama ubavuni, na mwanamume akiingia humo hutozwa faini. Angalia pia kama treni ni ya haraka au ya kila kituo: ya haraka hupita kituo chako bila kupunguza mwendo.

Chakula: vada pav, kiazi cha kukaanga ndani ya mkate na pilipili mbichi pembeni, rupia 20. Anayetafuta nyama halali aende barabara ya Mohammed Ali jioni.

Kila kitu cha pakiti India, kuanzia maji hadi dawa ya meno, kina bei ya juu kabisa iliyochapwa juu yake, na ni kosa kisheria kuuza zaidi ya hapo. Geuza chupa, onyesha kidole kwenye bei, lipa. Hakuna haja ya kupandisha sauti. Tarakimu kubwa utazisoma vizuri kuliko Mzungu, kwa sababu "lakh" ni laki yetu. Wao huandika 1,50,000, yaani laki moja na nusu.

Nyumba ya wageni ya bei ya chini kabisa ilikataa mara tu ilipoona pasipoti. Kabla ya kukasirika, jua hili: kila anayelaza mgeni wa nje lazima apeleke taarifa zake uhamiaji ndani ya saa 24, na wenye vyumba vitano hawapendi kazi hiyo. Uliza kwa simu kwanza: "Mnapokea wageni wa nje?" Kitanda kwenye chumba cha pamoja kilikuwa rupia 650.

Siku ya 4, 11 Januari: treni ya usiku kwenda Ahmedabad

Mumbai ina stesheni kuu kadhaa zilizo mbali mbali. Tiketi hii ilisema Mumbai Central, siyo Bandra Terminus wala ile ya CSMT yenye kuba ambayo kila mtu huipiga picha. Abiria mmoja kwenye foleni ya chai alikuwa kwenye stesheni isiyo yake, na dakika 40 zimebaki.

Tiketi inasomwa hivi. CNF maana yake una kitanda. RAC maana yake unapanda, ila mnagawana watu wawili kitanda cha chini cha pembeni hadi mwingine aghairi. WL ni orodha ya kusubiri. Ukinunua mtandaoni na bado uko WL orodha ya mwisho inapotoka, tiketi hujifuta yenyewe na pesa hurudi. Anayekwambia "panda tu, tutaongea ndani" anakutafutia faini. Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla. Zile za dharura za siku moja kabla, ukizitaka mtandaoni, sasa zinadai akaunti iliyothibitishwa kwa kitambulisho cha taifa cha India, kwa hiyo mgeni azisahau.

Kitanda chako kiko wapi? Kwenye daraja la SL (vitanda bila kiyoyozi) na 3A (vitanda vya ngazi tatu vyenye kiyoyozi), gawanya namba kwa 8 uangalie baki. Baki 1 au 4 ni chini, 2 au 5 ni kati, 3 au 6 ni juu, 7 ni chini pembeni. Isipobaki kitu, ni juu pembeni. Namba 43 inabakiza 3: juu. Chagua juu kama una mkoba mmoja. Hakuna anayekuamsha, wakati cha kati hakikunjuliwi hadi saa nne usiku na cha chini ni benchi la wote mchana kutwa. Mashuka hutolewa kwenye mabehewa ya kiyoyozi tu. Chini ya viti kuna pete za chuma za kufungia mizigo. Nyororo na kufuli huuzwa stesheni. Umeme wa kuchajia simu huzimwa usiku, kwa hiyo chaji mapema. Nauli ya SL ilikuwa rupia 300 na ushee, ya 3A 800 na ushee.

Mtego wa tarehe ndio unaowaumiza wengi. Treni ya 00:20 tarehe 12 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 12, yaani unatoka nyumba ya wageni jioni ya tarehe 11. Kiswahili kina msemo wake tayari, utumie. Kwenye daftari, andika kila tiketi mara mbili: saa yao na saa yetu.

Siku ya 5–8, 12–15 Januari: Ahmedabad

Januari 14 ni Uttarayan, siku ya tiara. Mji mzima uko juu ya mapaa, na anga imejaa karatasi. Mwenye nyumba ya jirani aliwaita wageni wote wapande paa lake na sahani za undhiyu, mboga za majira ya baridi zilizopikwa pamoja na viazi vikuu. Nyuzi za tiara hupakwa unga wa kioo. Tarehe 14 na 15 usipande pikipiki bila kufunga skafu nzito shingoni. Nyuzi zinazolegea juu ya barabara zimeshakata watu.

Msikiti wa Sidi Saiyyed ni mdogo na uko katikati ya makutano yenye kelele. Aliyeujenga, mwaka 1572–73, alikuwa Mhabeshi, na dirisha lake la jiwe lililochongwa mti wenye matawi yanayosukana ndilo alama ya mji. Wasidi, wenye asili ya Afrika, bado wapo Gujarat, na ngoma yao wanaiita "goma". Hapo neno halikubadilika sana.

Gujarat hakuna pombe kisheria. Migahawa mingi haina nyama wala yai, na mpishi wa dini ya Kijaini haweki hata kitunguu, kitunguu saumu wala kiazi. Thali, sahani moja ya vyakula mbalimbali, ya rupia 300 huongezwa hadi uweke mkono juu ya sahani. Kula kwa mkono wa kulia hakuhitaji somo kwa mtu wa pwani. Somo ni maji: chupa ya pamoja hainywewi kwa kugusa midomo, unamimina kutoka juu. Jizoeze peke yako kwanza.

Siku ya 9–13, 16–20 Januari: Bhuj na Mandvi

Bhuj ulibomolewa na tetemeko la Januari 26, 2001, na sehemu kubwa ya mji unaouona ni mpya. Zipu ya mkoba ilikatika hapa. Fundi viatu alisema "kal", na neno hilo moja ni jana na pia ni kesho. Ni kitenzi kinachoamua. Akatikisa kichwa kulia na kushoto, kwetu ingekuwa hapana, kwake ni sawa. Kesho yake zipu ilikuwa tayari kwa rupia 40.

Basi la Bhuj–Mandvi ni kama kilomita 60, rupia 60 hivi. Vibao vya mabasi viko kwa Kigujarati, hata tarakimu, na si herufi za Kihindi ulizokwisha kuzizoea. Mwombe mtu akuandikie jina la mji kwenye karatasi, ulilinganishe na kibao. Konda alisoma karatasi hiyo, akamhamisha kijana mmoja, akaweka mkoba pale alipokuwa amekaa kijana.

Mandvi ndiko wanakojenga majahazi ya mbao ukingoni mwa mto Rukmavati, ndani ya mji, kando ya barabara. Unasimama chini ya mkuku na kuyahesabu mataruma yakipanda juu kama ghorofa. Mafundi walikuwa wakikalafati ubavu kwa nyuzi za pamba, nyundo zikigonga kwa zamu kutoka tezi hadi omo. Matanga yameisha, sasa ni injini. Kutoka bandari hii watu walikwenda Muskati, Mombasa na Unguja kwa pepo za kaskazi, na familia nyingi za Wakachi wa pwani yetu zina nyumba hapa hadi leo. Mzee aliyekuwa akinywa chai aliuliza nchi, akasikiliza, kisha akasema "Jangbar", yaani Zanzibar, akaonyesha baharini kwa kidevu. Chai ililipwa kabla ya mtu kuingiza mkono mfukoni.

Mlinzi wa karakana huruhusu kuingia ukiomba. Usipande ngazi za mbao bila kuambiwa, na vaa viatu vya soli nzito: misumari iko kila mahali. Dabeli ni ya hapa hapa, mkate uliojazwa kiazi cha viungo, karanga na punje za komamanga. Ile ya kibanda kilicho karibu na stendi ilishinda zote.

Siku ya 14–17, 21–24 Januari: Delhi

Siku moja na ushee ya treni kupitia Ahmedabad. Familia iliyokaa mkabala ilifungua thepla, chapati nyembamba za uwatu, na kugawa bila kuuliza. Chakula cha familia kilichofunguliwa mbele ya wote kinapokelewa. Biskuti za mwanamume aliye peke yake anayesisitiza hazipokelewi, na matangazo ya stesheni yenyewe yanaonya hivyo.

Ofisi ya tiketi za wageni iko ndani ya stesheni ya New Delhi, ghorofa ya kwanza, upande wa Paharganj. Nenda na pasipoti. Wana mgao wa vitanda usioonekana kwa wengine. Kati ya barabara na ngazi utakutana na madalali watatu au wanne: imefungwa, imehama, imeungua. Mmoja alikuwa na kitambulisho shingoni. Usijibu, panda ngazi.

Wiki hiyo barabara za katikati zilifungwa mara kwa mara kwa maandalizi ya gwaride la Januari 26, Siku ya Jamhuri. Hewa ilikuwa nzito, barakoa ilisaidia.

Hapa pia ndipo maswali juu ya Mwafrika yanapozidi. "Nigeria?" ni swali la kwanza, picha ni ombi la pili, na kuna watakaokutazama kituo hadi kituo bila kupepesa. Wengi ni udadisi mtupu. Wengine si udadisi: bei ya chumba inapanda ukifika mlangoni. Kinachofanya kazi ni kuweka nafasi kwa maandishi na kuonyesha bei iliyoandikwa. Picha, kubali moja na watu uliowachagua wewe. Ya pili huleta ya ishirini.

Siku ya 17–18, 24–25 Januari: ukungu

Treni ya Varanasi ilitakiwa kufika saa mbili asubuhi, ikafika saa kumi kasoro. Desemba na Januari ukungu hutanda uwanda wote wa kaskazini na madereva hupunguza mwendo. Usipange kuunganisha safari siku hiyo hiyo. Treni ikichelewa zaidi ya saa 3 kwenye kituo chako cha kupandia na ukaamua kutosafiri, unadai nauli yote, mradi udai kabla haijaondoka. Blanketi la rupia 350 la Paharganj lilifaa kuliko koti.

Soma jina la kituo. Varanasi Junction ni ya mjini, Banaras ni nyingine, na treni nyingi huishia Pandit Deen Dayal Upadhyaya, ile iliyoitwa Mughalsarai, kama kilomita 17 ng'ambo ya mto.

Siku ya 19–24, 26–31 Januari: Varanasi

Siku mbili kati ya hizi zilipotea chooni. Huwa ni maji au chatini, mara chache wali. Duka la dawa huuza pakiti za ORS, chumvi za kurudisha maji mwilini, na kosa ni vipimo: pakiti ya gramu 20.5 ni ya lita 1, ndogo ni za glasi moja. Ukichanganya kubwa kwenye glasi unajizidishia chumvi. Soma mgongo wa pakiti. Kukiwa na damu au homa kali, usitegemee ORS peke yake, tafuta daktari. Mwenye nyumba alipika khichdi, wali na dengu uliopondeka, akaiacha mlangoni mara mbili kwa siku. Kwenye hesabu ya mwisho haikuwamo.

Maji ya moto: swichi ya hita iko nje ya bafu, washa dakika 15 kabla. Ndoo na kopo, kama nyumbani.

Ghat, yaani sehemu zenye ngazi za kushukia mto Ganges, ni 84 na zaidi, na ukungu wa asubuhi huzificha zote isipokuwa ile unayoikanyaga. Kwenye Manikarnika, mojawapo ya hizo, huchomwa maiti mchana na usiku. Kamera ibaki mfukoni. Atakayejitokeza kueleza bei ya kuni na kuomba mchango kwa ajili ya wazee, mshukuru uondoke. Si mhusika wa msiba. Mashua kabla ya jua: patana kwa saa, siyo kwa mtu, na bei itajwe kabla mguu haujaingia.

Siku ya 25–26, 1–2 Februari: Gorakhpur, Sunauli, Belahiya

Wakala Varanasi anauza tiketi "moja kwa moja hadi Kathmandu". Ukiuliza kama utabadilisha basi mpakani, anatazama simu. Nunua kila upande kivyake.

Treni ya usiku hadi Gorakhpur, jukwaa la mita 1,366 lililokuwa refu kuliko yote duniani kabla ya lile la Hubballi la mita 1,507. Mabasi ya Sunauli yako nje ya stesheni, kama saa tatu, rupia 150 hivi.

Mpaka uko wazi kwa Wahindi na Wanepali, kwa hiyo hakuna anayekusimamisha. Ofisi ya uhamiaji ya India ni chumba kidogo upande wa barabara kati ya maduka, rahisi kuipita. Ukiipita bila muhuri wa kutoka, Nepal watakurudisha. Uliza wenye maduka, si waendesha rikisho. Upande wa pili, Belahiya ya Nepal, viza hutolewa hapo hapo: dola 30 kwa siku 15, 50 kwa siku 30, 125 kwa siku 90. Beba dola safi na picha. Fomu ijaze mtandaoni mapema. Rupia 1 ya India ni 1.6 ya Nepal, kiwango kimefungwa, kwa hiyo mwenye kibanda anayetoa 1.5 anachukua chake. Saa isogeze mbele dakika 15.

Tiketi ya basi la Kathmandu iliandikwa kwa mkono, tarakimu za Kinepali, mwaka 2082. Hakuna kilichosomeka. Mwanafunzi aliyevaa sare aliichukua, akaisoma kwa sauti, akahesabu viti kwa kidole hadi cha tisa, upande wa dirisha, kisha akashuka; hakuwa hata abiria wa basi hilo.